Natoka Kimara alfajiri narudi usiku, nitembee saa ngapi na wapi?

MamaWawili_Kimara

Habari za mida hii wapendwa. Juzi nimepima presha zahanati imekutwa imeanza kupanda, sio ya dawa bado, daktari akaniambia punguza chumvi, punguza kukaa, na kila siku utembee tembee, sio lazima mazoezi makali. Nikamwitikia sawa dokta. Nimefika nyumbani nikaipanga siku yangu kichwani kuanzia kuamka mpaka kulala, naona hamna hata pa kuichomeka hiyo kutembea.

Ratiba iko hivi. Naamka saa kumi na nusu naandaa watoto wa shule, saa kumi na mbili kasorobo boda yuko getini (kijana tumezoeana, namlipa kwa wiki), ananitelemsha mpaka kituo cha Korogwe, hapo naingia basi la mwendokasi. Nikibahatika kupata la kwanza au la pili saa moja na nusu niko Posta, katikati ya Dar. Ofisi iko Samora, napanda lifti ghorofa ya tano, nakaa. Mchana mama ntilie analeta chakula mpaka mezani, nakula nimekaa palepale, naendelea kukaa mpaka saa kumi na moja. Kurudi ni kusimama kwenye mbanano mpaka Kimara, boda tena, nafika saa mbili na ushee. Jumamosi kufua na sokoni, Jumapili kanisani.

Sasa wale wanaojua Kimara wanajua ukishaiacha lami ni vilima na mabonde, taa za barabarani hamna, mbwa wapo, afu mida yangu mimi ni giza asubuhi na giza usiku. Gym sina muda nayo na hela yake bora ninunulie watoto viatu. Mi nataka kitu kinachoingia ndani ya siku hii hii niliyonayo bila kuongeza safari nyingine. Wenye kazi za kukaa kama mimi mnafanyaje? Na jasho je, maana nahudumia wateja, siwezi kuingia ofisini nimelowa. Naomba mawazo ya kweli jamani, sio "jitahidi tu".

---

Dogo_Tabata

Dada nunua kamba ya kuruka, dakika 15 sebuleni watoto wakiwa wanakunywa chai umemaliza kazi. Kutembea hapa Dar ni kujitafutia kifua, moshi wa malori, vumbi, boda wanapita juu ya njia ya miguu wanakupigia honi wewe uwapishe. Mi nilishaacha. Mitaro iko wazi, ukikaa vibaya unatumbukia. Kamba haina foleni.

---

Nesi_wa_Zamu

Dogo nimekuelewa kuhusu mitaro, hilo ni kweli na linaniuma kila siku maana nawapokea waliovunjika. Lakini kamba kwa mtu ambaye presha imeanza kupanda na hajafanya mazoezi miaka, sio pa kuanzia. Anaruka dakika mbili moyo unamwenda mbio, magoti yanalalamika, kesho yake hashiki tena ile kamba. Kutembea mtu anaweza kuanza leo na akaendelea mpaka uzeeni.

Mdogo wangu MamaWawili, pole na hongera kwa kupima, wengi tunawakuta wameshadondoka. Ngoja nikwambie mambo ambayo pengine daktari hakupata nafasi ya kukueleza maana foleni za wagonjwa tunazijua.

Kinachotakiwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, hiyo ndo Shirika la Afya Duniani wanasema. Ukigawa kwa siku tano ni nusu saa. Sasa watu wakisikia nusu saa wanadhani ni nusu saa ya mfululizo, umevaa raba na traksuti umeondoka nyumbani. Hapana. Zamani mwongozo ulikuwa unasema kila kipande kisipungue dakika kumi ndo kihesabike, lakini ule wa mwaka 2020 hicho kipengele wamekitoa, dakika tano ni tano, nne ni nne, vyote vinaingia kwenye hesabu. Kwahiyo usitafute nusu saa kwenye ratiba yako kwasababu haipo, umeshatuonyesha haipo. Tafuta dakika tano tano.

Mwendo wa wastani ni upi? Ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzio vizuri ila ukiambiwa uimbe pumzi haitoshi. Ukiweza kuimba ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea punguza. Huhitaji saa ya mkononi ya bei mbaya.

Na hicho chakula cha mchana. Hapo ndo ningeanzia mimi. Kuna utafiti ulifanyika New Zealand ukatoka 2016, walichukua watu wenye kisukari, kipindi kimoja waliambiwa watembee nusu saa kwa siku muda wowote, kipindi kingine watembee dakika kumi kila baada ya kula. Sukari baada ya kula ilikuwa chini zaidi kwenye kile kipindi cha dakika kumi kumi, na tofauti ilionekana zaidi kwenye mlo wa usiku. Wewe huna kisukari lakini presha na sukari ni mtu na jirani yake, wali na maharage ukivikalia palepale ulipokula unajua mwenyewe usingizi unavyokuja saa nane.

Tahadhari ndogo tu. Ukitembea ukasikia kifua kinabana, au maumivu yanapanda shingoni na mkono, au kizunguzungu, simama, usijikaze, rudi hospitali. Na kama kuna msomaji hapa ana kisukari, kila ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, na usitembee mwendo mrefu na kandambili, kidonda cha mguu kinaanza na malengelenge madogo ambayo hukuyahisi.

---

Mzee_wa_Ilala

Mwanangu nimesoma habari yako yote. Mimi nimefanya ukonda miaka mingi, enzi za mabasi ya UDA na baadaye daladala, kwahiyo naomba niseme kidogo.

Kuna daktari wa Uingereza aliitwa Jerry Morris. Baada ya vita kuu ya pili alitaka kujua kwanini watu wanakufa na moyo, akaenda kuwaangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda. Wanatoka mitaa ileile, mshahara haupishani sana, wanakula vilevile, wanafanya zamu moja kwenye basi lilelile. Tofauti ni moja, dereva anakaa zamu nzima na konda anapanda na kushuka ngazi anakata tiketi. Matokeo yakatoka 1953. Madereva walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo zaidi sana kuliko makonda, na konda akiupata unamjia umri umeenda na haumuui haraka. Akawaangalia na watu wa posta, wale wanaopeleka barua kwa miguu na baiskeli, akawalinganisha na wenzao wanaokaa kwenye meza na kwenye simu. Ikawa vilevile.

Mimi hii habari alinipa mwanangu anayesoma mambo ya afya, nikakaa kimya muda mrefu nikiwafikiria madereva niliofanya nao kazi. Wale vijana hawakuwa wavivu hata kidogo, kazi yao ndo ilikuwa ya kukaa.

Nachotaka kukwambia ni kwamba wale makonda hawakuwa wanafanya mazoezi. Hamna aliyekuwa anaamka asubuhi anasema leo naenda kutunza moyo. Ilikuwa ndani ya kazi, akitaka asitake anapanda ngazi. Kwahiyo na wewe kitafute kitu cha namna hiyo, kiwe ndani ya shughuli ambayo lazima uifanye, maana ukikiweka pembeni kama jambo la hiari siku ukichoka unakiacha. Ghorofa ya tano una ngazi. Anza kwa kushuka nazo jioni, usipande kwanza, shuka. Baada ya muda panda mbili za kwanza afu malizia na lifti. Hakuna atakayekuuliza.

Na hapo nyumbani, genge ni mbali? Mnamtuma mtoto nyanya na boda anawaletea mkaa? Zamani mama zetu walikuwa wanakwenda wenyewe, na ukienda mwenyewe unachagua.

---

NipoPosta

Dada mi nafanya kazi Posta pia mwaka wa nane huu na naishi Mbezi, nakuelewa mpaka hiyo boda ya saa kumi na mbili kasorobo. Ngoja nikuambie nilichokiona kwenye ratiba yako.

Unahangaika na Kimara. Achana na Kimara. Kule kwetu mida tunayokuwepo ni giza, njia mbovu, panda boda kwa amani kabisa na usijisikie vibaya. Wewe mwanga wako wote wa jua unautumia mjini, na mjini ndo kuna njia za miguu, kuna watu, kuna askari, kuna miti. Matembezi yako yawekwe upande wa mjini. Yaani badala ya kufikiria safari ya nyumbani kwenda kituoni, fikiria kituoni kwenda ofisini.

Asubuhi: unashukia Posta ya Zamani si ndio? Shukia kabla, kituo cha Kisutu, au siku uliyowahi kile cha DIT. Unakata mtaani mpaka Samora. Saa moja na nusu jua bado halijawa kali, maduka yanafunguliwa, wanamwagia maji mbele ya milango, ni raha kwakweli. Utafika na jasho kidogo la mgongoni tu. Mimi nafanya hivi, blauzi ya ofisi naibeba imekunjwa kwenye mfuko, natembea na tisheti, nikifika naingia chooni najifuta kwa kitaulo kibichi, nakaa dakika tano chini ya feni ndo navaa blauzi. Ukivaa ile nguo kabla jasho halijakata umeharibu, italowa upya. Viatu vya ofisi vinakaa chini ya meza, havisafiri.

Mchana: mwambie mama ntilie asikuletee, mfuate. Au akuletee ila ukimaliza toka. Toka ofisini elekea barabara za upande wa Ikulu na Makumbusho ya Taifa, Shaaban Robert na Luthuli kule, ile miti mikubwa inakutana juu, mchana wa jua kali ukiingia mule unasikia ubaridi unashuka mabegani. Zunguka rudi. Angalizo moja, maeneo ya Ikulu simu iweke kwenye pochi, usipige picha.

Jioni sasa, hapa ndo pa muhimu. Najua unapandia Posta ya Zamani unalikuta limeshajaa unasimama mpaka Kimara. Usipandie hapo. Tembea mpaka Kivukoni linapoanzia. Shuka mpaka baharini, fuata barabara ya pembeni ya bahari pale makanisa mawili, la Mtakatifu Yosefu na Azania Front, endelea na maji yakiwa upande mmoja, utaona boti za Zanzibar zinatoka, pantoni linavuka kwenda Kigamboni, harufu ya samaki wa Feri ikianza kukupata ujue umefika. Kutoka sanamu ya Askari pale Samora mpaka kituo cha Kivukoni bila haraka ni kama robo saa. Foleni ipo pale siwezi kukudanganya, ila unapanga mstari linapoanzia na unapata kiti. Kwahiyo robo saa ya kutembea imekulipa saa nzima ya kukaa mpaka Kimara. Mtu akiniambia nitembee kwa ajili ya moyo naweza kusahau, ila kwa ajili ya kiti sijawahi kusahau hata siku moja.

Piga hesabu: asubuhi dakika nane kumi, mchana kumi, jioni robo saa. Nusu saa imepita na safari haijaongezeka.

---

Bint_Shangani

Assalam alaykum. Mie niko Unguja, nimependa alivyosema huyo wa Posta. Hapa kwetu Mji Mkongwe vichochoro vyenyewe gari haipiti, utatembea tu, kutoka Darajani mpaka Forodhani unakata kwa Mkunazini, kivuli tupu maana majumba yamesogeleana. Jioni watu wanatoka na watoto kwenda kupunga upepo Forodhani, hata hawaiti mazoezi, ndo jioni yenyewe. Lakini waliohamia mashamba, Fuoni, Kwarara, Tunguu kule, wamenunua vespa na gari, wanakwambia magoti. Mama yangu mdogo alihamia, mwaka wa pili akaanza kulalamika miguu inamvimba, na alipokuwa mjini alikuwa akenda kwa jamaa zake wote kwa mguu, kuamkia, kutazama mgonjwa, kupeleka sahani ya futari.

Mie nachotaka kuongeza ni kuwa na mtu wa kwenda nae. Sisi wanawake ukiwa peke yako unafikiria njia, unafikiria nani anakutizama, unafika umechoka kichwa. Mkiwa wawili mnazungumza tu, na ile robo saa hamuihisi. Hapo ofisini hukosi mwenzio nae anaekaa kutwa. Mwambie "nisindikize", usimwambie "tufanye mazoezi", akisikia mazoezi atakwambia kesho.

Na wale wanaume wa Kiislamu mlio hapa, mnapanda pikipiki kwenda msikitini na msikiti mnauona kutoka barazani. Hadithi ya Mtume (SAW) mnaijua, kwa anaetawadha nyumbani kwake akenda msikitini, hatua moja inafuta dhambi na nyengine inampandisha daraja. Mnaziacha hatua zote hizo kwa dereva.

---

Kahawa_West

Mimi niko Nairobi na nimekuwa nikisoma hii tangu asubuhi, nataka niongeze mambo mawili.

Hapa kwetu watu wengi sana wanatembea, lakini ni kwa sababu nauli imepanda, unaona watu wametoka Kibera kwenda Industrial Area kwa miguu asubuhi na mapema, wameshika mfuko wa lunch. Huyo hatuwezi kumwambia atembee zaidi, huyo anahitaji njia nzuri na taa. Shida iko kwa sisi wenye tuko na pesa kidogo ya matatu na boda, hatutembei kabisa. Tumefika mahali mtu akikuona unatembea anadhani gari imeuzwa ama umefutwa kazi. Nilianza kushukia Ngara badala ya kungoja mat ifike ndani ya town, ile jam ya kutoka Pangani mnaijua, nikivuka Globe kwa miguu ninafika kabla ya ile mat nilitoka nayo. Kuna jirani aliniona akaniita kando kuniuliza kama niko sawa kifedha. Nilimwambia niko sawa, na wiki mbili baadaye akaanza kushukia hapo pia. Kwa hivyo mama usisikie vibaya watu wakiuliza.

Ya pili ni hii ya hatua elfu kumi. Simu yako itakupigia kelele elfu kumi, elfu kumi. Hiyo namba haikutoka hospitali. Ilitoka Japani mwaka wa 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa kwa Kijapani mita ya hatua elfu kumi, na jina likauza. Baadaye watafiti Marekani wakafuatilia akina mama wazee, wastani wa miaka 72, wakaona hata wale walikuwa wanafika hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wale wa 2,700, na faida iliendelea mpaka kama 7,500 halafu ikatulia. Hiyo ilitoka 2019. Kwa hivyo ukifika jioni simu inasema elfu tano na mia tatu, usilale ukijiona umeshindwa. Mimi nilizima hiyo notifikesheni kabisa na ndio nikaanza kufurahia.

Wikendi tukipata nafasi tunaenda Karura na watoto, ni msitu mkubwa ndani ya jiji, ule Wangari Maathai aliupigania usinyakuliwe. Lakini hiyo ni wikendi, mwili unajengwa na Jumatatu mpaka Ijumaa.

---

Dogo_Tabata

Sawa nimewasoma. Ila bado nauliza usalama, mbona hamuongelei? Mtu ametoka na simu mkononi Posta jioni, pikipiki inapita inainyakua, nimeona kwa macho yangu. Na njia za miguu mnazozisifia ukitoka tu nje ya katikati ya mji zimeisha. Pale kwetu kuna barabara imejengwa juzi juzi lami nzuri kabisa, upande wa mguu hamna, mwanafunzi anatembea kwenye ukingo wa lami magari yanamkwangua. Aliyechora ile barabara hakumfikiria mtu anayetembea, na ndo wengi.

---

NipoPosta

Dogo hapo uko sahihi na sina la kukupinga, hilo la barabara kujengwa bila njia ya miguu tulipigie kelele mpaka kwenye vikao vya serikali za mitaa, mi nilishasimama kwenye kikao cha mtaa nikaliongea na nitaliongea tena.

Kuhusu usalama ninavyofanya mimi: simu ndani ya pochi, pochi ivuke kifuani na ikae upande wa mbali na barabara. Spika za masikioni sivai nikiwa barabarani, nataka nisikie pikipiki inakuja. Pasipo na njia ya miguu natembea upande wa kulia ili magari yanayokuja niyaone usoni, maana sisi magari yanashika kushoto, ukitembea kushoto linakujia mgongoni. Na saa kumi na mbili na nusu jioni ikishafika kabla sijaanza, siku hiyo sitembei, napanda tu nilipo.

---

MamaWawili_Kimara

Jamani asanteni, sikutegemea. Shikamoo Mzee wa Ilala, habari ya makonda nimemsomea mume wangu, yeye ni dereva wa lori la masafa, amenyamaza kidogo afu akaniuliza kwahiyo mimi nifanyeje. Nimemwambia akifika mizani au akisimama kula azunguke lori lake mara kadhaa kabla hajakaa, kama kuna wazo zuri zaidi nipeni nimpelekee.

Leo nimejaribu ya jioni. Nimemuomba mwenzangu wa mapokezi anisindikize (Bint Shangani nimelitumia neno lako lilelile), tumeshuka ngazi tumefika mpaka Kivukoni tunaongea habari za kazini. Miaka yote hii niko Posta sijawahi kupita pale pembeni ya maji bila haraka. Mstari ulikuwepo, tumeliacha moja likaondoka, la pili tumekaa. Nimekaa mpaka Kimara! Nimefika nyumbani nina nguvu hata ya kukagua daftari za watoto.

Boda wangu nimebaki nae asubuhi na usiku kama mlivyosema, na yeye ana familia.

Maswali mawili nimebaki nayo. Mvua za masika nifanyeje, maana bonde la Jangwani likijaa maji mnajua mwendokasi unavyokuwa. Na raba, nimeangalia dukani bei zimenishinda, za mtumba zinafaa?

---

NipoPosta

Masika mi natembea ndani. Jengo letu lina korido ndefu, mchana nazunguka ghorofa yetu na ya chini yake, napanda ngazi nashuka. Watu wameshazoea. Siku Jangwani imejaa usihangaike na kutembea kabisa, siku hiyo kazi ni moja tu, kufika nyumbani, ukisikia mvua imekaza tangu mchana omba ruhusa utoke mapema.

---

Mzee_wa_Ilala

Marahaba mwanangu. Huyo mumeo mwambie akisimama asilale kwenye kiti, ashuke akague matairi yote mwenyewe, kichwa na tela, agonge moja moja. Tairi za lori ni nyingi, akiyazunguka mara mbili ameshatembea na gari limekaguliwa. Asimwachie utingo.

---

Nesi_wa_Zamu

Raba za mtumba zinafaa mdogo wangu, nenda Karume pale Mchikichini, usiende na haraka. Kwanza nenda jioni, mguu ukishatembea kutwa unavimba kidogo, ukinunua asubuhi kinachokutosha saa tatu kitakubana saa kumi na moja. Geuza kiatu uangalie soli kwa nyuma, kama imelika upande mmoja kiache hata kama juu kinang'aa, kitakulazisha mguu uende ulivyoenda wa aliyekivaa kabla yako na goti ndo litalipa. Kikunje: kipindie pale vidole vinapoanzia, kikijikunja katikati ya unyayo hakina mgongo hicho. Ukivaa ubaki na nafasi ya kama upana wa kidole gumba mbele. Simama navyo vyote viwili, tembea hapo hapo sokoni, muuzaji akikuharakisha ondoka, wapo wengi.

Na baada ya mwezi rudi zahanati upime tena presha uje utuambie. Pima ukiwa umepumzika dakika tano umekaa, usiingie moja kwa moja kutoka kwenye ngazi.